Kabati la droo lenye tumbo, "Hepplewhite ya Salem, 1790": ni la Marekani, la Uingereza au ni nakala?

Mpekuzi_Lowell

Wakuu, habari za leo. Naomba jicho lenu. Kuna kabati la droo nne linauzwa huku Massachusetts, muuzaji ameliandika "Hepplewhite, Salem, 1790 hivi". Uso wake umetoka mbele kama tumbo la mtungi. Ni la mahogani, na kila droo imezungushiwa mchirizi mwembamba wa mbao nyeupe uliotiwa njumu. Miguu imepinda kidogo kuelekea nje, na ubao wa chini katikati ya miguu umekatwa kwa mawimbi. Vipini ni vya shaba ya njano, vina mabamba ya umbo la yai yaliyogongwa picha ya tai. Kimo sm 95, upana sm 103, kina sm 55.

Mtu wa pili aliyeona picha anasema ni la Kiingereza. Wa tatu anasema ni la kiwandani, miaka ya 1920. Nimeruhusiwa kutoa droo, kufungua vipini viwili vitatu na kulilaza chali. Nina tochi, rula ya milimita na kioo kidogo. Nianzie wapi, na kila ninachokiona kina maana gani?

---

Randa_Mbili

Mkuu, uso uache mwisho. Uso ndio uliosuguliwa, ukapakwa na kurekebishwa na kila mwenye mali. Anzia kwenye droo.

Toa zote nne, zipe namba kwa chaki, uzipindue. Tazama pembe ambako ubavu wa droo unakutana na uso wake. Utaona vijino vilivyopanuka kama mkia wa njiwa. Vilivyokatwa kwa msumeno na patasi havilingani: pima mkia mmoja hadi mwingine, utapata tofauti ya milimita mbili, tatu, hata tano. Kwenye shina la vijino utaona mstari mwembamba wa kukwaruza, ndio alama ambayo fundi aliifuata asipitilize. Na ndani ya uso wa droo mara nyingi msumeno umepitiliza kidogo, umeacha makovu mawili ya mshazari kila kona. Ukikuta vijino vyote vina upana mmoja na nafasi moja kama vya kitana, hiyo ni mashine, na 1790 isahau. Ukikuta duara dogo lenye kigingi katikati, limejirudia kona nzima, hiyo ni mashine ya Knapp iliyosajiliwa Marekani mwaka 1867. Droo za namna hiyo ni za miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kisha sakafu ya droo, upande wa chini. Weka tochi karibu na ubao, mwanga uupitie kwa ubavu. Ubao uliopigwa randa ya mkono una mabonde mapana ya kina kidogo sana, kwa sababu ulimi wa randa ya kuondolea unene ulinolewa ukiwa na mviringo. Pitisha ncha za vidole, kidole huyasikia hata jicho lisipoyaona. Ubao wa mashine una vituta vidogo vilivyo sambamba, vinalingana kama tuta za shamba la chai. Alama za msumeno zilizonyooka maana yake msumeno ulipanda na kushuka, wa mkono au wa maji. Alama za upinde maana yake ni msumeno wa duara, nao haukuenea katika kazi hizi kabla ya miaka ya 1830 hivi. Kazi ya 1790 haina upinde popote, isipokuwa mahali palipotengenezwa baadaye.

Halafu unene wa mbavu za droo. Mafundi wazuri wa London walipenda mbavu nyembamba za mwaloni, mm 6 hadi 10, ukingo wa juu umeviringwa. Wa New England (Massachusetts na majimbo jirani) walitumia paini, na mbavu zao kwa kawaida ni nene zaidi, mm 11 hadi 15. Na baada ya kutoa droo chungulia ndani ya mwili wa kabati: kati ya droo na droo kuna ubao kamili unaofika hadi nyuma, wa kuzuia vumbi? Huo ni mtindo wa Kiingereza. Kabati la Marekani mara nyingi lina papi ya mbele tu na reli mbili za pembeni, ukitazama juu unaona chini ya droo nyingine.

Niletee haya:
- mbao za ndani ni za rangi gani, nzito au nyepesi;
- nyuzi za sakafu ya droo zinakwenda kushoto-kulia au mbele-nyuma;
- misumari ya mgongo wa kabati ina vichwa gani;
- skrubu zote unazoziona, na kama zina ncha;
- mashimo yote yaliyo ndani ya uso wa kila droo, hata yaliyozibwa. Hili la mwisho usilifanyie haraka.

---

Bi_Njumu

Wakati mwenzetu anapima, niseme juu ya hilo jina, maana linawachanganya wengi.

"Hepplewhite" kwenye tangazo la samani ni jina la sura, halimtaji fundi. George Hepplewhite, fundi wa samani wa London, alifariki mwaka 1786. Kitabu chake cha michoro kilitolewa na mjane wake Alice mwaka 1788, na hakuna samani hata moja inayojulikana kwa hakika kuwa ilitoka kwenye karakana yake. Thomas Chippendale naye: karakana yake ya London ilikuwa na kazi zinazojulikana, lakini viti maelfu vinavyoitwa kwa jina lake ni vya watu waliofuata michoro yake ya mwaka 1754 na ya waigaji wake. Na "Queen Anne" ndiyo kichekesho zaidi. Malkia mwenyewe alifariki mwaka 1714, ila makoloni ya Marekani yalitengeneza mtindo huo takriban 1725 hadi 1755. Kwa hiyo mtindo ukisikika, uliza pia: wa wapi, na ulifika huko lini.

Kwa kuutambua kwa jicho, tazama mguu na mgongo wa kiti. Queen Anne: mguu wa mpindo wa herufi S, unyayo bapa wa duara, mgongo una ubao mmoja mzima wa umbo la chombo cha maua. Chippendale: mguu huohuo wa S lakini unyayo ni kucha zilizoshika tufe, au mguu mnyoofu wa mraba, ubao wa mgongo umetobolewa nakshi, na ubao wa juu una masikio mawili yaliyochomoza. Hepplewhite: mguu wa mraba unaopungua kuelekea chini, mgongo wa ngao. Sheraton, mtindo uliofuata: mgongo wa mraba, mguu wa kukerezwa wenye mifereji au vijiti. Nakshi za kuchonga zinapungua, njumu na vinia (ngozi nyembamba ya mbao nzuri inayobandikwa juu ya mbao nyingine) zinaongezeka. Hili kabati lako, miguu ya kupinda nje na mabamba ya yai, ni la kundi hilo la Hepplewhite, ambalo Marekani huitwa pia mtindo wa Federal, 1790 hadi 1815 hivi.

Na tafadhali, yule tai asikuambie uraia wa kabati. Mabamba mengi ya shaba yaliyofungwa kwenye samani za Marekani wakati huo yaligongwa Birmingham, Uingereza. Wafanyabiashara wale walijua wateja wao wa ng'ambo wanapenda nini, wakawagongea tai.

---

Mpekuzi_Lowell

Asanteni sana. Nimekaa nalo saa mbili. Haya ndiyo niliyoyakuta:

Mikia minne kila kona ya droo, upana mm 38, 41, 35, 40. Mstari wa kukwaruza upo. Mbavu za droo mm 13, mbao nyeupe iliyogeuka rangi ya asali, nyepesi, laini, kucha inaacha alama. Nyuzi za sakafu zinakwenda kushoto-kulia. Mabonde ya randa yapo, nimeyasikia kwa vidole. Hakuna ubao wa vumbi kati ya droo. Mgongo ni mbao mbili pana za kulala, misumari ya pembe nne, baadhi ina vichwa vya kugongwa vyenye mapande kama ua, baadhi vichwa bapa.

Skrubu sita zinashika ubao wa juu: nne butu, mbili zina ncha kali.

Vipini: nati ni za pembe sita, zinalingana. Chini ya bamba kuna matundu mawili ya nguzo za kipini, ndani meusi, na katikati yake tundu moja kubwa lililozibwa kwa kigingi. Droo ya pili, ya tatu na ya nne ni hivyo. Droo ya juu: ndani kigingi kinaonekana, lakini nje, chini ya bamba, hakuna kitu. Vinia ni safi kabisa.

Miguu ya nyuma ndani ni ya kahawia iliyoiva. Miguu ya mbele ina vipande vya mbao vya kuegemeza vyeupe, na kimoja kina alama za upinde.

Ubavu wa kulia wa kabati una ufa wa kusimama wenye upana wa mm 4 hivi, kutoka juu hadi karibu na droo ya tatu. Na sakafu ya droo mbili imechomoka mbele, naona mwanga.

---

Randa_Mbili

Kazi nzuri mno, na droo ya juu ndiyo yenye habari.

Matundu yanasema hivi. Kabati lilikuwa na vipini vya nguzo mbili tangu mwanzo. Weusi wa ndani ya tundu ni wa miaka mingi. Baadaye mtu akaviondoa, akatoboa tundu moja katikati akaweka vifundo vya mbao au vya kioo, fasheni ya kuanzia miaka ya 1820 na 1830. Mwingine akarudisha mabamba ya yai, akaziba lile la katikati. Nati za pembe sita zinazolingana ni za kisasa. Za zamani zilikatwa kwa tupa, hakuna mbili zilizo sawa. Kwa hiyo shaba ni mpya, mahali pake ni pa asili. Hilo ni la kawaida kabisa na halishushi kabati sana.

Ila tundu likitoboka ndani na lisionekane nje, maana yake ngozi ya nje ilikuja baada ya tundu. Droo ya juu imebandikwa vinia mpya. Thibitisha: fungua kipini, chungulia ndani ya tundu la nguzo kwa tochi, utaona tabaka la vinia kwa ukingo wake. Vinia iliyopasuliwa kwa msumeno ina unene wa mm 1.5 hadi 3. Iliyokatwa kwa kisu cha mashine, kazi ya nusu ya pili ya karne ya 19 na kuendelea, haifiki mm 1. Linganisha droo ya juu na ya tatu.

Miguu ya mbele: upinde wa msumeno kwenye kipande cha kuegemeza unaonyesha angalau kipande hicho ni cha baadaye. Sasa tazama kama vinia ya mguu inaendelea bila kukatika kutoka kwenye ule ubao wa mawimbi. Ikiwa kuna mstari wa kuungia pale mguu unapoanza, mguu mzima umebadilishwa. Ikiwa hakuna, mguu ni wa asili na umetiwa nguvu tu kwa ndani. Tofauti ya bei kati ya majibu haya mawili ni kubwa, kwa hiyo usikubali "nadhani". Miguu ya namna hii hukatika kwa sababu nyuzi za mbao pale kwenye mpindo ni fupi, na watu husukuma kabati likiwa limejaa nguo badala ya kulinyanyua.

Skrubu: skrubu ya kale ni butu, mfereji wake hauko katikati sawasawa. Zenye ncha zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1840. Nne butu na mbili zenye ncha: ubao wa juu uliwahi kufunguliwa. Ukiweza, toa moja yenye ncha uone kama tundu lake ni lilelile la zamani lililopanuliwa. Usitoe zile butu bila sababu, vichwa vyake vinavunjika.

Misumari inakubaliana na yote haya. Kichwa chenye mapande kama ua ni cha mhunzi. Ile ya kukatwa kutoka kwenye bamba la chuma, ambayo hupungua unene pande mbili tu, Marekani ilianza kuenea miaka ya 1790. Zote mbili kwenye mgongo mmoja zinafaa kwa 1795 hadi 1815. Msumari wa waya wa duara ungekuwa taabu nyingine.

La 1920 liondoe kabisa. Kiwanda cha wakati ule, cha Grand Rapids kule Michigan kwa mfano, kingekuletea mikia inayolingana, mara nyingi plaiwudi kwenye sakafu ya droo, na hakuna mahali ambapo kidole kingesikia bonde. Paini na kukosa ubao wa vumbi kunaliondoa pia Uingereza. Ni la New England.

---

Mkangazi

Nakubaliana na karibu yote, ila hapo kwenye paini Ndugu Randa_Mbili umekwenda mbio.

Paini nyeupe ya Marekani ya kaskazini, ambayo wataalamu wa misitu huiita Pinus strobus, ilisafirishwa sana kwenda Uingereza, hasa baada ya vita vya Napoleon kuifanya mbao ya Baltiki, yaani ya kaskazini mwa Ulaya, iwe ghali na kutozwa ushuru mkubwa. Kabati la Kiingereza la mwaka 1820 linaweza kuwa na paini ya Kanada tumboni. Kwa hiyo paini nyeupe peke yake si ushahidi wa nchi. Ushahidi ni ule mkusanyiko: paini nyeupe, mbavu za mm 13, hakuna ubao wa vumbi, pamoja na umri ulioonyeshwa na misumari. Mwelekeo ni New England, ndiyo, lakini kwa njia hiyo.

Kutofautisha paini hizo mbili kwa macho: ya Baltiki ina pete zenye mpaka mkali, sehemu nyeusi ya pete ni ngumu, kucha inaruka kama inapita kwenye matuta. Paini nyeupe hubadilika polepole ndani ya pete, kucha inazama sawasawa. Ukitaka uhakika, kibanzi cha ukubwa wa njiti ya kiberiti kutoka mahali pasipoonekana kinatosha kwa hadubini: kuna seli za miale ambazo kwenye paini ya Baltiki zina meno ndani, kwenye paini nyeupe ni laini.

Ramani fupi ya mbao za ndani kwa Marekani ya karne ya 18. Massachusetts na New Hampshire ni paini nyeupe. Pennsylvania utakuta popla ya tulipu, ambayo ina ukijani ikiwa mbichi na huiva kuwa kahawia, pamoja na mwerezi mweupe kwenye sakafu za droo za Philadelphia. Rhode Island hupenda mchestnati, unaofanana na mwaloni ila hauna ile miale mipana inayong'aa. Kusini ni paini ya njano, nzito, ina utomvu, na Charleston hutumia msaiprasi. Mbao za nje nazo: Connecticut ni mcheri, Pennsylvania na Virginia mjozi mweusi, New England mepoli na mahogani.

Juu ya mahogani yenyewe, kwa wasomaji wa nyumbani. Huu si mkangazi wetu. Mahogani ya wakati ule ni Swietenia, ya Jamaika, Kuba, Santo Domingo na Honduras, na ilianza kumiminika Uingereza baada ya bunge kufuta ushuru wa mbao za makoloni mwaka 1721. Ndugu za mkangazi wa Afrika Magharibi, wa jamii hiyohiyo ya Khaya, waliingia soko la Liverpool kwa wingi miaka ya 1880. Kata safi ya kichwa cha ubao ndiyo inayoonyesha: Swietenia ina mstari mwembamba mweupe kila mwisho wa msimu wa kukua, Khaya kwa kawaida hauna. Vinia ya droo ya juu ikiwa na mistari ya utepe inayobadilika mwanga ukiihamisha, shuku kwamba ni Khaya. Hapo utajua umri wa ukarabati pia.

---

Randa_Mbili

Nimekubali sahihisho. Ningesema "paini pamoja na mengine".

---

Bi_Njumu

Sasa "Salem". Hapo muuzaji alete hoja. Miji ya bandari zile ilikuwa karibu karibu na mafundi walihama. Salem ilikuwa na Samuel McIntire, mchongaji, 1757 hadi 1811, na kila nakshi ya kapu la matunda hubandikwa jina lake, kwa haki au kwa dhuluma. Boston alikuwepo John Seymour na mwanawe Thomas, mafundi wa samani, waliotoka Axminster, Uingereza, mwaka 1784, wakapitia Maine na kufika Boston 1793. Fundi wa Kiingereza akifanya kazi Boston, mkono ni wa Kiingereza na paini ni ya Marekani. Ndiyo maana swali la "la Kiingereza au la Kimarekani" lisijibiwe kwa uzuri wa kazi, kama watu wanavyopenda kufanya: likiwa safi ni la London, likiwa zito ni la huku. Si hivyo.

Portsmouth, New Hampshire, wana alama iliyo wazi: uso wa droo umegawanywa mapande ya mbetula yenye miali kama moto, na katikati ya ubao wa chini huning'inia kipande cha mraba. Lako halina, kwa hiyo hakuna dalili ya huko. Bila lebo, bila maandishi ya chaki au penseli nyuma ya droo, bila hati ya ununuzi, andika "mashariki mwa Massachusetts" ukae kimya. Na lebo ikiwepo, itazame kwa shaka: karatasi ni rahisi kuhamishwa kuliko mguu. Mbao iliyo chini ya ukingo wake ulioinuka inapaswa kuwa nyeupe kuliko inayoizunguka.

Makumbusho ya Peabody Essex yako Salem palepale. Nenda usimame mbele ya samani za enzi hiyo kabla ya kulipa chochote.

---

Mgeni_Philly

Samahani kuingilia. Kiti chenye kucha zilizoshika tufe, cha mahogani, hakina lebo. Kuna njia ya kujua mji?

---

Bi_Njumu

Ipo, kwa kukisia vizuri. Geuza kiti utazame kucha. Massachusetts: kucha za pembeni zimevutwa nyuma, zinafanya pembe kali na ile ya mbele. New York: tufe ni la karibu mraba, zito. Newport: kwenye kazi bora kuna uwazi kati ya kucha na tufe, mwanga unapita. Philadelphia: tufe limebonyea kidogo, kucha zimelishika barabara.

Kisha nenda nyuma ya kiti. Philadelphia walipitisha ulimi wa papi ya pembeni hadi ukatokea nyuma ya mguu. Utaona mstatili wa mbao kichwa wazi. Vijiti vya kuunganisha miguu chini vilidumu sana Massachusetts hata baada ya kwingine kuviacha. Alama moja haitoshi, tafuta mbili zinazokubaliana.

Na nakshi ya goti la mguu: ya asili imeinuka juu ya mstari wa mguu, kwa sababu fundi aliacha nyama ya mbao mapema. Iliyochongwa baadaye kwenye mguu uliokuwa mtupu imezama ndani, maana nyama ya kuinua haikuwepo.

---

Sandarusi

Hakuna aliyegusa vanishi, nami jina langu linanilazimu.

Mkuu Mpekuzi, chovya pamba ya masikioni kwenye spiriti, gusa mahali pasipoonekana, chini ya ukingo wa ubao wa juu, hesabu sekunde 10. Ikinata, ni shelaki, ile vanishi ya utomvu wa mdudu ulioyeyushwa kwa spiriti. Ile kazi ya kung'arisha kwa pamba na shelaki ilienea Uingereza kuanzia miaka ya 1810 mwishoni na 1820, kwa hiyo kwenye kabati la 1795 ni mkono wa baadaye, na hakuna ubaya. Isiponata, ni vanishi ya mafuta au ya kisasa. Taa ya urujuanimno gizani husaidia: shelaki huwaka rangi ya chungwa, vanishi kuukuu za utomvu hutoa kijanikijani. Mwanga ukibadilika ghafla kwenye mguu au kwenye droo moja, umeona ukarabati bila kukwaruza kitu.

Sasa kwa watu wa pwani. Vanishi bora ya mafuta ya karne ya 19 ilipikwa kwa kopali, na kopali iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa ardhini kwenye mrima mkabala na Unguja. Ni sandarusi yetu. Meli za Salem zilizokuja kwa Sayyid Said (Marekani ilifunga naye mkataba mwaka 1833, na balozi wake wa kwanza Unguja, mtu wa Salem, akaanza kazi mwaka 1837) zilileta zile shuka tulizoziita merikani, zikarudi na pembe na sandarusi. Ilisafishwa Salem kabla ya kuuzwa kwa wapishi wa vanishi. Kabati lako ni la zamani kuliko biashara hiyo. Lakini kama lilipakwa upya mwaka 1840, koti lake huenda lilitoka Bagamoyo.

Usilivue hilo koti. Ukilikwangua kwa dawa na msasa unaondoa pia ile tabaka ya juu ya mbao iliyoiva kwa jua na mikono, na hairudi. Vumbi kwa kitambaa kikavu, nta ngumu mara moja kwa mwaka, basi. Dawa za kupuliza zenye silikoni zikae mbali. Zinaingia kwenye nyufa, na gundi au vanishi haitashika tena pale.

---

Randa_Mbili

Nimalizie ufa na sakafu za droo, maana hayo yanatengenezeka.

Mbao husinyaa kwa upana wake, kwa urefu ni kama haisinyai. Ndiyo maana meza ya duara ya kale ukiipima kwa kufuata nyuzi na kwa kukatisha nyuzi hupati kipimo kimoja. Yenye sm 90 hutofautiana mm kadhaa, hata 10. Meza "ya 1780" iliyo duara kamili inatia shaka. Kwenye kabati lako nyuzi za ubavu zinasimama, na ndani reli za droo zimepigiliwa kukatisha nyuzi hizo. Ubavu ulitaka kusinyaa, reli zikaukataza, ukapasuka. Joto la nyumba wakati wa baridi hushusha unyevu wa hewa hadi asilimia 20 au chini. Weka kati ya 40 na 55, mbali na kipasha joto. Usiuzibe ufa kwa kijazio kigumu: ukija msimu wa joto ubavu utapanuka na kupasuka mahali pengine. Kwanza legeza reli, tundu la msumari lifanywe refu ili reli iteleze, ndipo ubandike ubale mwembamba wa mahogani ya zamani kwenye ufa kwa gundi ya ngozi. Gundi hiyo hufunguka kwa maji ya moto, fundi ajaye atakushukuru. Gundi nyeupe ya dukani na epoksi haziruhusu hilo.

Sakafu za droo ni jambo lilelile. Nyuzi zinakwenda kushoto-kulia, basi ubao umesinyaa mbele-nyuma, umechomoka kwenye mfereji wa uso. Ng'oa misumari ya nyuma taratibu, sukuma ubao mbele hadi uingie mfereji, ongeza papi ya paini ya zamani nyuma kufidia, pigilia. Usitie gundi.

Kitu kimoja zaidi ukitazame: bungua, mdudu anayekula mbao. Matundu ya duara ya mm 1.5 hadi 2 ni ya kawaida, vumbi jeupe jipya chini yake si la kawaida. Bungua hula ndani, huacha mlango tu. Ukiona mfereji wa bungua umelala wazi juu ya ubao, ubao huo ulipasuliwa au kupigwa randa baada ya kuliwa, yaani mbao kuukuu imetumiwa kutengeneza kitu kipya.

---

Mtaa_wa_Leeds

Kwa walioko Uingereza: kama hirizi ya tundu la ufunguo, lile bamba dogo jeupe, ni pembe ya ndovu, sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022 inahitaji usajili kabla ya kuuza, na kitu kiwe cha kabla ya 1947 na pembe iwe chini ya asilimia 10 ya ujazo. Mfupa una vidoti vyeusi vidogo, pembe haina. Pembe kwa kichwa ina mistari inayokatana.

---

Mpekuzi_Lowell

Nimerudi. Tundu la nguzo, droo ya tatu: vinia karibu mm 2. Droo ya juu: haifiki mm 1, na ina utepe. Vinia ya miguu ya mbele inaendelea kutoka kwenye ubao wa mawimbi, hakuna muungo. Spiriti haikunata. Hirizi za ufunguo zina vidoti.

---

Bi_Njumu

Basi mwambie muuzaji aandike hivi kwenye risiti, neno kwa neno: "Kabati la droo la mtindo wa Federal, mashariki mwa Massachusetts, 1795 hadi 1815 hivi, mahogani na paini nyeupe, shaba zimebadilishwa, vinia ya droo ya juu imebadilishwa, miguu ya mbele imetiwa nguvu." Asiandike "mtindo wa Hepplewhite" peke yake, hata nakala ya jana ina mtindo huo. Akikataa kuandika miaka, punguza bei au ondoka.